Kipupwe hakijafukuza samaki Ruvu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kila mwaka ikifika Juni, vijiwe vya wavuvi wa mshipi hapa Dar es Salaam hurudia kauli ileile: kipupwe kimeingia, mto umelala, tundika ufito mpaka mvua za vuli. Kingo za Ruvu hubaki tupu hadi Agosti. Wachache wanaokwenda huvua vilevile walivyovua Februari, hurudi na ndoo kavu, na kauli hupata mashahidi wapya. Samaki wapo. Wamehama hatua chache na wamepunguza kula, basi.

Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake unakwenda na maji. Kambale hula kwa pupa maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi. Yakisogea kwenye 20, tumbo huchelewa kusaga, na aliyeshiba jana anaweza asiwe na haja ya kitu leo. Perege naye ni hivyohivyo. Halafu kuna jambo la pili ambalo husahaulika: baada ya masika mto hushuka na tope hutua. Maji yakisafika, samaki huona kivuli chako ukingoni, na pale pafupi alipokuwa akizurura Aprili hapamfichi tena. Baridi na maji maangavu vinamsukuma kwenda kulekule, chini penye kina, asikolazimika kupambana na mkondo. Huko hafukuzi kitu. Anangoja kilichotua karibu na sharubu zake.

Ndiyo maana uvuvi wa kipupwe ni wa chambo kilichotulia sakafuni mwa mto, si wa kiboya wala wa kutupa na kuvuta kila dakika. (Waingereza huvua hivi kwenye mito yao hata maji yakiwa nyuzi 5, lakini samaki wao ni wengine kabisa. Anayesoma maelekezo yao achukue mbinu, namba aziache hukohuko. Nyuzi 15 kwao ni neema, kwa kambale wetu ni msiba.)

Kwanza tafuta kina. Kwenye kona ya mto maji hukimbilia upande wa nje na kuuchimba. Upande wa ndani hubaki mchanga. Kina kiko nje, ila usiweke chambo katikati ya mkondo wenyewe. Tazama juu ya maji: kuna mstari ambapo yanayokimbia yanapakana na yaliyotulia, na mara nyingi povu na majani makavu huufuata. Chambo kikae upande uliotulia, kama mita moja kutoka kwenye mstari huo. Penye mti ulioanguka majini, tupa mita mbili tatu kabla ya matawi, upande mkondo unakotoka, ili harufu iingie ndani na kambale atoke kuitafuta. Ukikitupa katikati ya matawi, utalisha mti.

Kina hupimwa kwa risasi tupu (ule uzito unaozamisha mshipi), bila ndoana. Itupe, hesabu mpaka mshipi ulegee, kisha rudia sehemu tano au sita. Penye hesabu ndefu kuliko zote ndipo pa kuanzia. Ikitua kwa kishindo kidogo unachokisikia kidoleni, chini ni mchanga au changarawe. Ikitua kimya na kung'ang'ania unapoivuta, ni tope, na tope zito hufukia chambo kabla hakijanuswa. Mwenye kipimajoto akitie ndani ya chupa ndogo ya plastiki iliyotobolewa, pamoja na jiwe, aishushe chini kwa dakika tano. Chupa hupanda na maji ya chini, kwa hiyo namba haibadiliki njiani. Maji yakiwa yamepoa nyuzi mbili kuliko jana, tegemea siku ngumu. Yakiwa yamekaa palepale kwa siku tatu nne, hata kama ni baridi, samaki huwa ameshazoea na anakula.

Sasa mfungo wenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mshipi mkuu wa nailoni wa milimita 0.40 unatosha. Pitisha kwenye mshipi huo kipete kidogo kinachoteleza. Kwenye kipete funga kipande cha mshipi mwembamba zaidi, milimita 0.25, urefu wa sentimita 10 hadi 15, na mwisho wake chubwi, au risasi kama wengi tunavyoiita. Baada ya kipete tia ushanga mmoja, kisha kile kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, halafu kipande cha mwisho chenye ndoana, sentimita 50. Kipete kinateleza ili samaki aondoke na chambo bila kubeba uzito. Kambale wa kipupwe akihisi anavutana na kitu, hutema. Ushanga huzuia kipete kugonga fundo na kulilegeza. Ule mshipi mwembamba ni kafara: risasi ikinasa kwenye jiwe, unakatika huo, na ndoana na samaki wako vinarudi. Kufunga risasi kwa ukakamavu mwisho wa mshipi na ndoana juu yake ni kazi ya baharini, ya kuvua samaki aina ya changu. Mtoni wakati wa baridi mfungo huo unampa samaki taarifa mapema mno.

Kila fundo lilowesheni mate kabla ya kulikaza. Nailoni ikisuguana kavu hupata joto na kudhoofika, na mshipi mwingi unaodaiwa kuwa "feki" umekatikia kwenye fundo lililokazwa kavu.

Uzito wa risasi uwe mdogo kadiri mkondo unavyoruhusu. Pembeni palipotulia gramu 30 zinatosha. Karibu na mkondo anza na 60 na upande hadi 90. Tupa, inua ncha ya ufito ili mshipi mwingi utoke majini, subiri dakika moja. Ukihisi risasi inaruka-ruka kwenda chini ya mto, ongeza. Kabla ya kuongeza, hata hivyo, jaribu ya bapa, kwa sababu ya duara hubingirika. Nati kubwa au plagi kuukuu ya bodaboda hufanya kazi ileile kwa bei ya bure, tena si sumu. Anayekata au kubana risasi kwa meno aache leo hii.

Ndoana zetu ni kubwa mno. Kwa kambale wa kilo moja hadi tatu, uwazi kati ya ncha na shina uwe milimita 10 hadi 12. Pima kwa rula: kwenye ndoana za kawaida namba ikipanda ndoana hupungua, ila zenye alama ya /0 huenda kinyume, na si kila muuzaji anajua. Ncha ijaribiwe kwenye ukucha. Ikikwama ni kali, ikiteleza inolewe.

Chambo nacho kipungue. Februari unaweza kutundika utumbo wa kuku wa kujaza kiganja. Julai kipande kinachotosha dole gumba, au nyungunyungu wawili. Maini ya kuku ni mazuri kwa sababu damu yake huyeyuka hata maji yakiwa baridi, tofauti na mafuta ya ng'ombe yanayoganda na kufungia harufu ndani. Udhaifu wa maini ni ulaini. Yanyunyizie chumvi usiku mmoja kabla, yatakaza, kisha zungushia uzi wa cherehani mara kumi hivi juu ya ndoana. Ncha ibaki wazi, tafadhali. Ncha iliyofukiwa ndani ya ini lililokaza haichomi mdomo wa samaki aliyeuma kivivu. Sabuni ya mche, ambayo wengi huiapia, hukamata kambale kweli. Kwenye baridi huyeyuka polepole, basi ikate vipande vidogo ili eneo linaloguswa na maji liwe kubwa.

Kwa perege, donge la ugali mgumu ukubwa wa punje ya hindi, ndoana ndogo zaidi, na mshipi mwembamba.

Kulisha mahali nako kuna kipimo. Vikombe viwili vya pumba za mahindi, kimoja cha udongo wa mfinyanzi, kijiko cha dagaa waliopondwa, maji kidogo kidogo mpaka donge lishikane. Lijaribu kwenye ndoo ya maji: lizame zima, livunjike ndani ya dakika tano. Likivunjika juu, mkondo utalisha samaki wa Bagamoyo. Lisipovunjika kabisa, umetupa tofali. Madonge matatu ya ukubwa wa ndimu yanatosha kuanzia, kisha moja kila nusu saa. Kumwaga ndoo nzima ni kumshibisha samaki ambaye tayari hana njaa.

Kuumwa kwa kipupwe hakuonekani kwenye ncha ya ufito. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, kikunje katikati, kining'inize kwenye mshipi kati ya rili na pete ya kwanza, mshipi ukishuka sentimita 20 hivi. Kikipanda polepole, samaki anaondoka na chambo. Kikishuka, anakuja upande wako, na hapo watu wengi hukaa wakitazama wakidhani ni upepo. Kikitetemeka tu, ngoja. Ukiona mwendo usiokatika, kaza mshipi na uinue ufito kwa nguvu ya kawaida. Hakuna haja ya kurusha mikono kama unaita daladala. Usingoje hadi ameze kabisa, maana ndoana ya tumboni huua hata yule mdogo uliyetaka kumrudisha.

Ndoana ikirudi tupu na safi ndani ya dakika kumi, mwizi ni kaa au visamaki. Dawa ni kandambili iliyochakaa. Kata kipande cha soli yake ukubwa wa haragwe, kitoboe kwa sindano, kipitishe kwenye mshipi wa ndoana sentimita tano kutoka kwenye chambo, ukizuie kwa kijiti cha kiberiti kilichochongwa. Chambo kitainuka kidogo kutoka sakafuni: kaa anapita chini yake, kambale anakigonga kwa sharubu. Kijaribu kwanza ukingoni. Kikielea chote mpaka juu, punguza kandambili kwa wembe mpaka chambo kizame polepole.

Chambo kikishatua, kiacheni nusu saa. Kukivuta kila dakika tano kukitazama ni kukiondoa pale harufu ilipoanza kukaa. Lakini nusu saa mbili zikipita bila dalili, hama wewe, mita 20 au 30. Wakati wa joto samaki huja kwenye chambo; wakati huu chambo ndicho kinachompelekea mlo nyumbani kwake.

Saa ni jambo lenye kero. Maji huwa ya baridi zaidi alfajiri, hivyo wanaowahi saa kumi na moja asubuhi kwa mazoea ya masika wanajitesa. Maji hupata joto lake kuanzia saa nane mchana, na kambale, ambaye kwa tabia ni wa usiku, huamka kabisa jua likizama. Kwa bahati mbaya hiyo ndiyo saa viboko wanapopanda ukingoni kula majani, na Ruvu ina mamba pia. Vua saa nane hadi saa kumi na moja na nusu, ukunje vitu, uondoke na robo ya samaki ambao ungewapata usiku. Kaa mita tano kutoka majini, penye ukingo uliopanda. Usinawe mikono mtoni, usiparulie samaki pale, na usirudie jiwe lilelile kila siku, kwa sababu mamba hujifunza ratiba ya mtu. Vidimbwi vilivyotulia pembeni vina hatari ya kichocho, basi usivikanyage kwa miguu mitupu. Kambale mwenyewe mshike nyuma ya miiba ya mapezi ya kifuani. Ina meno kama msumeno na kidonda chake huchelewa kupona.

Kuhusu leseni ulizeni halmashauri, na mitambo ya kuvuta maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ikaachwe mbali. Wanaouliza kuhusu Msimbazi kwa kuwa ni karibu: mto ule unabeba majitaka na uchafu wa viwanda, samaki wake asiingie sufuriani.

Ombi langu la mwisho ni kwa wauza zana, kuanzia Feri hadi Kariakoo: andikeni gramu kwenye risasi mnazouza. Sasa hivi zinauzwa kwa jicho, "ndogo", "ya kati", "kubwa", na ya kati ya duka moja inaweza kuwa mara mbili ya ya kati ya jirani. Mpaka mtakapofanya hivyo, mnunuzi aombe kuzipitisha kwenye mizani ya muuza viungo wa jirani kabla ya kulipa.

Mvuvi wa mshipi,
Kimara, Dar es Salaam