Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Milima ya Hajar kwa Njia ya Maji

Ndugu wanachama, Assalaam aleikum.

Mwaka huu tuliamua kuacha kukimbilia vilele na kuifuata milima ya Hajar, hapa Oman, kwa maji yake. Walionung'unika wapo, nawajua. Lakini mtu akipanda Jebel Shams, mita 3,000 hivi, akapiga picha akateremka, Oman ya bara bado hajaiona.

Kwa wageni wetu: safu hii huanzia Musandam hadi karibu na Ras al Hadd, ikitenga pwani ya Batinah na jangwa la ndani. Yale majabali meusi mnayoyaona njiani yalikuwa sakafu ya bahari, yakasukumwa juu ya nchi kavu zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita. Humo ndimo ilimochimbwa shaba iliyopelekwa Iraq ya kale, ambako nchi hii ikiitwa Magan.

Safari iliyofana kuliko zote ni ya Birkat al-Mouz, kwenye Falaj al-Khatmeen (falaj, kwa wingi aflaj, ni mfereji wa kale wa maji), mojawapo ya aflaj tano zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Hakuna pampu, maji yanakuja kwa mteremko tu. Mkulima mmoja alituonyesha zamu ya maji inavyokwisha: alichukua jiwe lililoviringishwa matambara, akaliziba tundu la mfereji, na maji yakageukia shamba la jirani. Zamani zamu ikipimwa kwa kivuli mchana na nyota usiku. Yeye alitazama saa ya mkononi.

Jioni ile mazungumzo yalimhusu Imamu Saif bin Sultan, wa ukoo wa Yaarubi. Sisi wa Mombasa na Unguja tunamjua kwa kuiteka Fort Jesus kutoka kwa Wareno, 1698. Huku anasifiwa zaidi kwa kutengeneza aflaj na kupanda mitende, na kaburi lake liko Rustaq. Vita vya Jebel Akhdar, kati ya Sultani na wafuasi wa Imamu wa wakati ule, vilivyokwisha Januari 1959, tulivigusa kidogo tu. Akina Riyami, watu wa mlima huo, wana ya kwao ya kusimulia, nimewaomba watuandalie kikao kizima.

Aprili, inshallah, tunapanda Sayq, juu ya Jebel Akhdar, wakati wa mawaridi, tuone marashi yanavyopikwa. Njia ile ni ya magari ya 4x4 tu, basi wenye magari madogo ya saluni watafute nafasi kwa wenzao mapema. Majina apewe katibu, na ada ya mwaka ilipwe kabla ya safari, si baada.