Kuhusu vani ulizoziona kwenye filamu

Swahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Picha ulizopiga kwenye televisheni zimefika, nami nimezikuza moja baada ya moja. Unasema filamu hiyo ya Kiingereza, uliyoikuta imeshafika katikati, ni ya 1955 kwa sababu vani ya posta ni ya wakati huo. Vani umeijua barabara, lakini mwaka wa filamu sikubaliani nawe.

Hiyo ni Morris Minor ya mizigo. Zilianza kutoka 1953, na kioo cha mbele chenye ufito katikati kilidumu hadi 1956, ilipokuja Minor 1000 yenye kioo kizima. Ya kwako ina ufito. Tena tazama madigadi ya mbele: ni ya mpira, na taa zimekaa juu yake kama macho ya chura. Posta ya Uingereza ndiyo iliyoyataka hivyo kwa magari yake, na mimi nayapenda kupita kiasi! Lakini gari lililotoka kiwandani 1955 huendelea kubeba barua miaka mingi baadaye. Kwa hiyo gari kuukuu linakuonyesha tu mwaka ambao filamu haiwezi kuutangulia. Anayekata shauri ni gari jipya kuliko yote barabarani.

Sasa nenda kwenye picha ya pili, nyuma ya yule mama mwenye kikapu. Ile yenye pua fupi na mlango wa kusukuma kando ni Bedford CA, iliyotengenezwa tangu 1952 hadi 1969. Kioo chake ni kizima, basi si ya zile za mwanzo. Kando yake kuna Commer. Utaitambua hata gizani: magurudumu ya mbele yamekaribiana mno, bodi imeyapita huku na huku. Commer ya umbo hilo ilianza 1960, kwa hiyo hapo tu 1955 yako imeshaanguka.

Ila kito chenyewe kiko pembeni, kimekatwa nusu na ukingo wa skrini. Ni Ford Transit! Uso mpana, pua fupi, maana yake inatumia petroli: injini yake ya V4, yenye silinda nne zilizopangwa kama herufi V, ni fupi, ilhali zile za dizeli zilirefushwa pua ili injini ienee. Transit ilizinduliwa Oktoba 1965. Na namba yake, ukiikuza, inaishia na herufi E.

Herufi hizo za mwisho wa namba ni kalenda kamili ya mwaka gari liliposajiliwa Uingereza. Zilianza na A mwaka 1963, ingawa si kila halmashauri iliyozitumia mara moja. Nchi nzima ilizifuata ilipofika C, 1965. Kila Januari herufi ilibadilika, mpaka wauza magari wakaomba zamu ihamie Agosti. Ndiyo maana E ilitolewa Januari hadi Julai 1967 tu, kisha ikaja F. Katika utaratibu huo wa herufi mwishoni mwa namba hakuna nyingine iliyo finyu kiasi hicho, ndiyo maana niliruka kwa furaha nilipoiona.

Nimeikagua barabara nzima nikitafuta F, sikuipata hata moja. Vibao vyote vya namba ni vyeusi vilevile, na vile vyeupe mbele na njano nyuma vilianza kuruhusiwa 1968. Miti imejaa majani na watu wamevaa nguo nyepesi. Mimi naweka kiangazi cha 1967.

Tahadhari mbili. Namba nyingine hubuniwa na watengeneza filamu, kwa hiyo daima linganisha namba na bodi, hapa vinakubaliana. Na barabara inayoonekana dirishani dereva anapozungumza usiihesabu, kwani mara nyingi ni picha iliyopigwa siku nyingine na kurushwa nyuma yake studioni.

Wakiirudia, wahi mwanzo, upige picha maandishi ya ufunguzi. Filamu nyingi za Uingereza za wakati ule ziliandika mwaka kwa namba za Kirumi, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Natarajia MCMLXVII au MCMLXVIII, yaani 1967 au 1968. Ukikuta kitu kingine, niandikie siku hiyohiyo.

Ndimi swahibu yako.