Mhariri, huku Kigoma saa 12 asubuhi bado ni usiku

Mhariri habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa huku Kigoma, gazeti siku nyingine linatufikia limeshakuwa la jana lakini tunasoma hivyo hivyo. Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Dar aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba watoto wa siku hizi hawaamki kwa sababu ya uvivu na simu, na kwamba enzi zake yeye saa 11 alfajiri alikuwa ameshafagia uwanja na kuteka maji. Sawa mzee wangu, shikamoo, hatukatai. Ila ulikulia wapi? Maana kama ni Dar au Tanga au Mtwara basi jua la kwenu linawahi na la kwetu linachelewa, na hilo ndo nataka tuongee, mambo ya simu nitayagusa baadae.

Nchi yetu yote inatumia saa moja, kuanzia Mafia mpaka Kigoma, na ndo hiyo hiyo wanayotumia Kenya na Uganda. Sasa hiyo saa imepimwa kwa mstari wa longitudo nyuzi 45 mashariki, mstari ambao Tanzania haukanyagi kabisa, unapita huko Somalia karibu na Mogadishu. Yaani ukitaka kuona mahali ambapo saa ya ukutani ikisema saa 6 mchana na jua liko utosini kweli, panda ndege uende Mogadishu. Dar iko nyuzi 39 hivi kwa hiyo jua linawachelewa dakika ishirini na kitu, sio mbaya. Sisi tuko nyuzi 29 na nusu na ushee. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kila nyuzi moja ni dakika 4, piga hesabu mwenyewe utaona jua la Kigoma liko nyuma ya saa ya ukutani kwa saa nzima, na nyuma ya jua la Dar kwa karibu dakika 40. Huku utosini linafika saa 7 mchana. Mwezi wa 7 linachomoza saa 1 asubuhi imeshapita kama dakika kumi, na hata mwezi wa 11 ambao ndo linawahi kuliko miezi yote bado ni saa 12 na nusu na kitu.

Wanaofunga wanalijua hili bila kufundishwa na mtu. Ramadhani redio ya Dar inaadhini Magharibi, huku Ujiji jua bado linaning'inia juu ya milima ya Kongo, mtoto aliyefunga kwa mara ya kwanza anakimbilia tende anaambiwa tulia hiyo ni ya Dar. Na hakuna anayeona ajabu, kila mji una kalenda yake ya swala na maisha yanaenda. Lakini ikifika kwenye shule eti wote tuamke kwa saa ya Dar.

Na sio kuamka kwa ajili ya kipindi tu. Masomo yenyewe yanaanza saa 2, hapo sina ugomvi sana. Shida ni kuwahi namba, sijui kama huko mjini bado mnayo, mtoto anatakiwa awe getini saa 12 na nusu achukue namba ya kufika, wafanye usafi, kufagia, kumwagilia, kuosha vyoo, kisha mchakamchaka, kisha paredi, ndo aingie darasani. Mtoto anayekaa mbali, wa kutembea saa nzima, anatoka nyumbani saa 11 na nusu na ameamka saa 11 au kabla. Kuna miezi huku adhana ya Alfajiri inapigwa karibu na saa 12, kwa hiyo muadhini bado amelala na mtoto wa darasa la 4 yuko barabarani na giza lake, wasichana wanasubiriana kwenye kona ili waende kundi maana peke yake hawezi, bodaboda zingine hazina taa, mvua zikiwepo ndo usiseme. Akichelewa anakutana na fimbo. Utaratibu wa viboko shuleni unataka visizidi vinne na atoe mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye, lakini pale getini asubuhi nani anahesabu?

Binti yangu yuko kidato cha 2. Anasoma vizuri, wala simsifii kwa kuwa wangu, lakini kumuamsha ni kazi. Kila mtu ana dawa yake: mwagia maji, weka alamu juu ya kabati ili asimame, alazwe saa 2 usiku, mfungie kula jioni. Alamu juu ya kabati anaizima akiwa amesimama na macho yamefumba, anarudi kulala, ukimuuliza baadae hakumbuki kama aliamka. Nilikuwa nadhani ananidanganya mpaka siku moja nikamuuliza ndugu yangu mmoja anayefanya kazi hospitali, akanicheka kwanza afu akanieleza vizuri.

Alichosema ni kwamba giza likiingia ubongo unatoa homoni inaitwa melatonini ndo inaleta usingizi, na mwanga wa asubuhi ukiingia machoni ndo unaifunga na kuuambia mwili kumekucha. Saa ya mwili inajirekebisha kila siku kwa huo mwanga. Watu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Nobeli mwaka 2017 kwa kuchambua hiyo saa inavyofanya kazi ndani ya seli, tena walikuwa wanachunguza vinzi vidogo vya matunda. Sasa mtoto akibalehe hiyo homoni inaanza kuchelewa kutoka usiku na inachelewa kuisha asubuhi, tofauti na mdogo wake na tofauti na mimi mama yake. Hajaamua yeye. Na ukimtoa mtu kwenye usingizi mzito ghafla kichwa kinabaki kimelala nusu saa nzima hata kama miguu inatembea, ndo ile alamu ya kabatini.

Afu jumlisha na jua letu. Kwa kuwa asubuhi linachelewa, jioni pia linachelewa kuzama. Mwezi wa 2 huku linazama saa 1 na dakika ishirini na kitu usiku, saa 12 jioni watoto wako uwanjani wanacheza mpira na mwanga ni wa kutosha kabisa. Wakubwa wa huko juu wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 mpaka 10, na wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji saa 9 mpaka 12, hiyo ni ya madaktari wa usingizi wa Marekani waliyoitoa mwaka 2016. Haya tufanye saa 9 tu. Mtoto wa kuamka saa 11 alfajiri inabidi awe amepitiwa na usingizi saa 2 usiku, wakati jua limezama muda mfupi uliopita, hajala, homuweki hajagusa, mwili wenyewe haujaanza hata kusinzia. Hata ukimlaza atakodoa macho juu ya neti. Kwa hiyo kila siku analala pungufu, Jumamosi analala mpaka saa 4 asubuhi na sisi tunasema unaona alivyo mvivu.

Simu? Ndio ipo, mwanga wake usiku nao unachelewesha usingizi, na kwangu saa 3 usiku inakaa chumbani kwangu, wamenuna wakazoea. Lakini mtoto wa darasa la 4 wa kijijini Kasulu ambaye simu anaiona kwa mjomba wake tu naye haamki, huyo tutamwambiaje?

Wavuvi wa dagaa pale Kibirizi wanaingia Ziwa Tanganyika jioni na taa zao na kurudi alfajiri, wanalala mchana, hakuna anayewaita wavivu saa 5 asubuhi wakiwa wamelala fofofo maana kila mtu anajua kazi yao inafuata giza. Na tukivuka hilo ziwa upande wa Kalemie kule Kongo, au tukienda tu hapo juu Bujumbura, Burundi, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Kwetu ikiwa saa 1 wao ni saa 12. Jua ni moja, ziwa ni moja, lakini mtoto wa Bujumbura anayeamka saa 12 ya kwao anaamka na mwanga, na wangu anayeamka saa 12 ya kwetu anagonga kigoda gizani. Wakija huku sokoni tunacheka tu kuhusu saa zao, sidhani kama sisi ndo wa kucheka.

Mimi sisemi tubadili saa ya taifa, msije mkanielewa vibaya. Mabasi, treni, mabenki, taarifa ya habari vyote vitavurugika na mitihani ya taifa inaanza muda mmoja nchi nzima, hiyo ibaki. Ninachosema ratiba ya asubuhi ifuate jua la mahali. China wana saa moja nchi nzima tangu 1949, nchi kubwa vile, lakini kule Xinjiang magharibi kabisa ofisi zinafunguliwa saa 4 asubuhi ya saa ya Beijing na hakuna aliyekufa, wengine wana saa yao ya mtaani iliyo nyuma saa 2. Assam huko India jua linawahi sana, basi mashamba ya chai yana saa yake ya shambani iliyo mbele saa moja ili wachume wakati kuna mwanga. Na mji wa Seattle huko Marekani mwaka 2016 walisogeza sekondari zao kutoka saa 2 kasoro dakika 10 mpaka saa 3 kasoro robo, watu walisema watoto watazidi tu kuchelewa kulala, walipopimwa ikaonekana wanalala dakika 34 zaidi kila usiku wa shule. California wakaweka sheria kabisa, tangu 2022 sekondari za juu hazianzi kabla ya saa 2 na nusu. Najua mtu atasema hao ni wazungu wana mabasi ya njano, sawa, lakini na wao miezi mingi walikuwa wanaanza wakati jua limeshatoka, sisi watoto wanaripoti kabla halijatoka.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaohusika na elimu ni dogo. Mikoa ya huku magharibi, Kigoma, Katavi, Rukwa, Kagera, halmashauri ziruhusiwe kupanga muda wa kuripoti. Usafi ufanyike saa 9 mchana kabla ya kuondoka, mbona jioni jua lipo tele, saa 11 unaweza kufagia, kumwagilia na ukabaki na muda wa kucheza. Mtoto aripoti saa 2 kasoro robo aingie darasani. Mchakamchaka uwe siku zingine jioni, wala mimi siupingi, ni mzuri, tulikimbia sana. Namba ifutwe tu, hiyo sioni inamsaidia nani zaidi ya mwenye fimbo. Walimu nao nimeongea na baadhi wanaunga mkono kimya kimya maana na wao wanaamka saa 10 na nusu, wana watoto wadogo, wengine wananyonyesha, wanafika wamechoka, afu tunashangaa hasira zinatoka wapi.

Shuleni kwa mwanangu hili nililisema kwenye kikao cha wazazi, mwenyekiti akasema mama huyo anatetea uvivu, watu wakacheka tukahamia kwenye michango ya chakula. Kikao kingine kipo mwezi ujao nitalisema tena na safari hii nitaenda na kalenda ya swala ya msikitini iliyopangwa kwa saa za Kigoma nibandike ukutani pale mbele, karibu na ratiba ya shule, wazisome pamoja. Na mhariri kama una mwandishi wako huku mwambie aje getini mwezi wa 7 saa 12 na robo, ila aje na tochi.

Mzazi, Gungu, Kigoma