Kabla ya kuchora kamandi mpya Kivu, tuambiwe nani atabaki na kamba

Mhariri,

Makala yenu kuhusu namna jeshi la Kongo litakavyopangwa upya mashariki mwa nchi nimeisoma mara mbili. Mwandishi amechora vizuri: makao makuu yawe machache, mipaka ya kamandi iende na mipaka ya majimbo, majenerali wapunguzwe. Mchoro wenyewe sina ugomvi nao. Shida ni kwamba Kivu imeshaonjeshwa michoro ya aina hiyo, na mmoja ulitekelezwa mimi nikiwa hapohapo.

Najua vita havijaisha. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Lakini karatasi zimeanza kutiwa saini: Kinshasa na Kigali kule Washington tarehe 27 Juni 2025, kisha Kinshasa na M23 kule Doha tarehe 19 Julai. Karatasi zikishaanza, wachora ramani hawako mbali, ndiyo maana naona heri niandike mapema.

Mwaka 2011 nilikuwa mtunza stoo wa shirika moja la misaada, nikizunguka kati ya Goma na vijiji vya Masisi. Jeshi lilikuwa limeamua kuvunja brigedi zake za Kivu na kuziunda upya kuwa rejimenti. Kwa mtu wa ofisini lilikuwa wazo zuri sana. Brigedi zilijaa watu wa kundi hili na lile, kila kundi na mkubwa wake. Ukiwatoa msituni, ukawaweka kambini, ukawahesabu na kuwafunza pamoja, utawarudisha wakiwa jeshi moja. Hata mimi niliamini.

Basi asubuhi moja, kwenye kijiji chenye soko ambako tulikuwa na bohari ndogo, malori yakaja. Askari wakapakia magodoro, masufuria, kuku waliofungwa miguu, na wake zao wakiwa na watoto mgongoni. Pale barabarani palikuwa na kamba iliyofungwa kwenye nguzo mbili. Ndipo walipozoea kusimamisha watu siku za soko na kudai chochote. Kamba wakaiacha. Mama mmoja muuza mihogo akaniambia, "Leo tunapita bure, baba." Akapita bure soko moja tu. Soko lililofuata kamba ilikuwa imekazwa tena, ileile, safari hii mikononi mwa vijana nisiowajua, mmoja ana koti la jeshi na suruali ya kiraia, wakigawa vijikaratasi vyenye muhuri kuonyesha kwamba umelipia mwezi mzima. Wenyeji huviita jetoni. Hapakupigwa hata risasi moja.

Yaliyotokea kijijini pale yalitokea kwa ukubwa zaidi Shabunda, Kivu Kusini. Vikosi viliondolewa kwenda kuundwa upya, wapiganaji wa FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, wakasogea, na wanamgambo wa kienyeji waitwao Raia Mutomboki wakaenea kwa hoja ya kujilinda dhidi yao. Waliopanga zoezi hawakuwa wajinga. Walijua kuvunja na walijua kujenga. Siku zilizo katikati ndizo hazikuwa na mwenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo zoezi lile halikuligusa. Tarehe 23 Machi 2009 waasi wa CNDP walitia saini mkataba na serikali wakakubali kuingia jeshini. Kuingia waliingia, ila kutawanywa hawakutawanywa. Walibaki Kivu, wakipokea amri kwa wakubwa wao wa zamani, Bosco Ntaganda akiwa juu yao, huku makaratasi ya Kinshasa yakionyesha mlolongo mwingine kabisa. Kila ilipozungumzwa habari ya kuwahamisha nje ya Kivu, walikataa. Aprili 2012 wakaasi, wakajiita M23 kwa tarehe ile ya mkataba, na tarehe 20 Novemba wakaingia Goma. Mwandishi wenu anasema wapiganaji wa zamani "wachanganywe". Sawa, lakini aseme watapelekwa umbali gani kutoka nyumbani, na ni nani atathubutu kuwapa amri hiyo.

M23 walipigwa wakakimbia Novemba 2013. Jeshi la serikali lilisaidiwa na brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Baada ya ushindi ikaja ramani nyingine. Septemba 2014 nchi iligawanywa katika kanda tatu za ulinzi, yaani Kinshasa kwa magharibi, Lubumbashi kwa kusini na katikati, Kisangani kwa mashariki yote. Chini ya kanda kukawa na mikoa ya kijeshi yenye namba mpya. Kivu Kaskazini, iliyokuwa mkoa wa nane, ikawa wa 34, na Kivu Kusini iliyokuwa wa kumi ikawa wa 33. Pembeni yake zikawepo kamandi za operesheni zenye wakubwa wao, Sukola I dhidi ya ADF, waasi wenye asili ya Uganda, kule Beni na Sukola II dhidi ya FDLR. Mei 2021 ukaongezwa utawala wa dharura, Ituri na Kivu Kaskazini zikapewa magavana wenye magwanda.

Sasa mchukue meja wa miaka ile, kabla Goma haijachukuliwa, yuko lindoni nje ya Beni, lori lake limekauka mafuta. Amuulize nani? Kanda iko Kisangani, mkoa uko Goma, operesheni iko palepale Beni, gavana ana nyota mabegani, na Kinshasa kuna makao makuu ambayo hupenda kupiga simu moja kwa moja. Wakubwa watano, lori moja. Mwenye kujua jeshi lolote atakuambia kwamba mahali penye wakubwa watano, mafuta yakipotea hayana mwizi.

Nigusie na majina, maana askari wa chini husoma ramani mpya kwa majina, mistari hana habari nayo. Jenerali Gabriel Amisi alisimamishwa ukuu wa jeshi la nchi kavu Novemba 2012, baada ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kumtaja kwamba aliendesha mtandao wa kuuzia silaha makundi ya msituni. Uchunguzi wa serikali ukamsafisha mwaka 2014, na Septemba ileile akakabidhiwa kanda ya kwanza. Aliyesafishwa amesafishwa, sibishani na hilo. Lakini Kanali Mamadou Ndala, ambaye watu wa Goma walimshangilia kama mtoto wao baada ya M23 kukimbia, aliviziwa na kuuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, na baadaye mahakama ya kijeshi ikamtia hatiani ofisa wa jeshi hilohilo. Jenerali Lucien Bahuma, aliyeongoza operesheni za Kivu Kaskazini, akafariki kwa maradhi mwishoni mwa Agosti. Kwa hiyo ramani ilipotangazwa, majina mawili ambayo watu wa huko waliyaamini hayakuwepo tena, na lile walilolitilia shaka lilikuwa limerudi. Mazungumzo ya kijiweni wiki ile sitayaandika hapa.

Lililonifanya hasa nishike kalamu ni mshahara. Makala yenu, ndefu vile, haikuutaja hata mara moja.

Kwa miaka mingi fedha za askari wa Kongo zilipitia mikononi mwa makamanda. Kamanda anapokea, kamanda anagawa. Tuseme orodha ina askari 600 na uwanjani wamesimama 400. Tofauti yake ni askari hewa, na askari hewa hana njaa wala hadai viatu, lakini mshahara wake unakuja. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya uliofika mwaka 2005 kusaidia mageuzi ya jeshi uliliona hilo mapema. Kazi yake kubwa ikawa kuutenga mkondo wa fedha na mkondo wa amri, na kumhesabu askari mmoja mmoja kwa alama za vidole. Ilikuwa kazi ya kuchosha na isiyo na picha za gazetini, lakini kwa maoni yangu ndiyo mageuzi pekee ya miaka ile ambayo askari wa kawaida aliyahisi mfukoni. Ukilielewa hilo utaelewa pia kwa nini kamanda hupinga kikosi chake kuunganishwa na kingine hata kama anakubaliana na sababu zote za kivita. Kuunganishwa ni kuhesabiwa. Na askari asiyelipwa, umbandike namba ya 34 au ya nane, atatafuta kamba na nguzo mbili.

Mimi ni mtu wa stoo, kwa hiyo nitasema kistoo. Stoo haihami mlinzi wa zamani akiondoka asubuhi na mpya akatarajiwa jioni. Mnakaa pamoja, mnahesabu magunia, mnatia saini wawili, ndipo mmoja anachukua begi lake. Kikosi kisitoke kijijini mpaka kinachokuja kimeshalala pale usiku kadhaa na mkuu wa kijiji amewaona wakubwa wote wawili wamesimama pamoja. Daftari la mshahara litangulie malori. Na kanda, mkoa na operesheni, vyovyote vitakavyoitwa safari hii, viwili kati ya hivyo vifungwe kabla cha tatu hakijafunguliwa, hata kama kuna majenerali watakaokosa ofisi. Wapewe ubalozi.

Mwisho, sahihisho dogo. Makala imesema M23 walitoka Goma mwaka 2012 baada ya kushindwa vitani. Sivyo. Walitoka mwanzoni mwa Desemba kwa shinikizo na makubaliano ya nchi za Maziwa Makuu, wakiwa na silaha zao, na wakaenda kujipanga kilomita chache kaskazini mwa mji. Kushindwa kulikuja mwaka mmoja baadaye.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtunza stoo mstaafu