Jirani akitaka ploti Mombasa

Mwezi haupiti bila mtu kuingia ofisini kwetu, sisi mawakala wa nyumba hapa Mombasa, akaketi, akaiweka pasipoti ya Afrika Mashariki juu ya meza kama anayetupa turufu. Wa juzi alikuwa mfanyabiashara wa vipuri kutoka Kampala. Kontena zake hupitia bandari ya Kilindini miaka nenda miaka rudi, amechoka kulala hotelini, na ameonyeshwa nyumba Majengo kwa bei iliyomkosesha usingizi kwa furaha. Dalali wa mtaani alishamwambia, "Mzee, wewe si mgeni hapa, sote ni jumuiya moja." Alitaka tumwandikie mkataba siku hiyo hiyo.

Tukamwomba karatasi za nyumba. Akatoa kitabu kidogo cha risiti kilichokunjika pembe, kila ukurasa una jina la muuzaji na shilingi alizolipa mwezi ule. Hati hakuna. Hapo tukajua ni nyumba bila ardhi.

Kwa mzaliwa wa Mombasa hilo si jipya. Kuta, bati na milango ni yako. Ardhi ni ya mwingine, nawe humlipa kodi yake kila mwezi. Majengo na Kisauni kuna nyumba nyingi za namna hiyo, watu wamezirithi kwa babu zao, na kuuzwa huuzwa kila siku. Si wizi. Ila anayenunua hapati ploti, anapata nafasi ya kuendelea kukaa juu ya ploti ya mtu. Tulihangaika kumweleza mgeni wetu mpaka mwenzetu mmoja, aliyewahi kuishi Uganda, akasema, "Mzee, ni kama kibanja." Mgeni akanyamaza, akakirudisha kile kitabu mfukoni. Kibanja, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi ya mwingine huko Buganda, anakijua, na busuulu, kodi ya ardhi hiyo, ameilipa.

Lakini hata kama nyumba ingekuwa na hati safi, ile pasipoti isingemfikisha alipodhani. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2010, na limefungua mengi: kuvuka mpaka kutafuta kazi, kufungua biashara, kuleta mtaji. Jumuiya sasa ina nchi nane. Kongo iliingia 2022, Somalia ikafuata 2024. Itifaki ya soko hilo, kifungu cha 15, inasema waziwazi kwamba kupata na kutumia ardhi kutafuata sera na sheria za kila nchi. Wanaohubiri umoja wa Afrika Mashariki kwenye mikutano ya hotelini hukiruka kifungu hicho.

Kwa hivyo mbele ya sheria ya ardhi ya Kenya, Mganda au Mtanzania amekaa benchi moja na Mjerumani wa Diani. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, humruhusu asiye raia kushika ardhi kwa lisi tu, yaani upangaji wa muda mrefu, na usizidi miaka 99. Mkataba ukiandikwa umiliki wa kudumu, sheria itausoma kama lisi ya miaka 99 vivyo hivyo. Tumeshaulizwa pia kuhusu kufungua kampuni pamoja na shemeji Mkenya. Haisaidii: kampuni huhesabiwa ya raia pale tu hisa zote zinapokuwa za raia. Ploti za safu ya kwanza na ya pili kutoka maji yanapojaa zinahitaji idhini ya waziri kabla ya kwenda kwa asiye raia. Na shamba la minazi huko Kilifi au Kwale, likiwa ni ardhi ya kilimo, bodi ya ardhi haitampa kibali mpaka apate msamaha wa Rais. Ukiambiwa na mtu kwamba msamaha huo anao mkononi, shika mkoba wako vizuri.

Fleti ndizo tunazowashauri wengi. Fleti nyingi za Nyali na Bamburi huuzwa kwa lisi hata kwa Mkenya, kwa hivyo jirani hapungukiwi na kitu. La kuangalia ni miaka iliyobaki. Tumeona lisi zinazouzwa kwa bei ya mpya ilhali nusu ya umri imeshakwenda.

Tukiwa hapo hapo, neno kwa wenye fleti wanaoishi ng'ambo ya mpaka. Mkaazi wa Kenya anayepangisha nyumba ya kuishi kwa sasa hulipa kodi ya asilimia 7.5 ya pango, mradi pango la mwaka liwe kati ya shilingi 288,000 na milioni 15. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya pango lote, na ujirani haumpunguzii. Mama mmoja kutoka Kigali alipiga hesabu mbele yetu kwa simu, akarudia mara ya pili, kisha akafunga simu na kuuliza bei ya fleti ndogo zaidi.

Ajabu ni kwamba sisi mawakala wenyewe hatujafunguliwa mpaka. Wasanifu majengo, wahandisi na wahasibu wana makubaliano ya kutambuana vyeti katika jumuiya. Sisi hatuna. Hapa Kenya wakala lazima asajiliwe na bodi chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533. Julai 2025 Tanzania ilitoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, na udalali wa nyumba na ardhi umo. Ukitaka nyumba Tanga, basi, tutakuelekeza kwa wakala wa huko naye atakuhudumia. Kamisheni ni yake. Inatuuma, kwani Tanga kwetu ni kama mtaa wa pili, nusu ya jamaa zetu wako huko.

Umoja huu tunauona kwa macho kwenye magodauni. Tangu 2014, ushuru wa mzigo wa Uganda hukadiriwa na kulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa, na hilo lilileta makampuni ya majirani kutafuta ofisi na maghala Shimanzi na Changamwe. Kisha mzigo ukalazimishwa kupanda reli ya SGR, kazi ya kuutoa ikahamishiwa Nairobi na Naivasha, na wenye magodauni wakabaki na kufuli. Septemba 2022 Rais Ruto akairudisha kazi hiyo Mombasa, simu zikaanza kulia tena.

Tulichojifunza ni kutomwachia mteja asaini godauni la miaka sita bila kipengele cha kutoka mapema, kwa notisi ya miezi mitatu au minne. Mwenye godauni hununa. Mwambie unalipa miezi mitatu mbele, atakubali. Akidai pango kwa dola, sisi husukuma liandikwe kwa shilingi. Mpangaji wa Bujumbura akitaka kukisia bei ya dola ni hiari yake, asilazimishwe na mkataba.

Tutakuuliza pia pesa zimetoka wapi. Usiudhike. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha ya 2009 inatuhesabu miongoni mwa wanaopaswa kumjua mteja, na fedha za kuvuka mpaka ndizo zinazotazamwa kwanza.

Yule mzee wa vipuri hakununua Majengo. Amepanga fleti Tudor na godauni dogo Shimanzi, na bado anatafuta. Nawe ukija, njoo na nambari ya ploti ili tuipekue kwenye sajili ya ardhi kabla hujatoa hata senti. Bila nambari, tutakunywesha kahawa tu.