Risala ya Wazazi na Walezi kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Kodi ya Ongezeko la Thamani katika Ada za Shule Binafsi nchini Uingereza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wa jimbo letu,
Mwalimu Mkuu pamoja na walimu wote,
Wazazi wenzetu, walezi na watoto wetu wapendwa,
Mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuketi nasi katika sherehe hii ya kufunga mwaka wa masomo, hali ukijua kwamba wenyeji wako hawakubaliani nawe katika jambo ulilolipigia kura ya ndiyo bungeni. Tuliopewa jukumu la kuandika risala hii ni wazazi wenye asili ya Afrika Mashariki, na wenzetu wameridhia isomwe kwa Kiswahili. Nakala ya Kiingereza imewekwa mezani mbele yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umoja wetu ulianza na wazazi sita mwishoni mwa Julai 2024, watoto wakiwa likizoni. Tarehe 29 ya mwezi huo Serikali ilitangaza kwamba ada za shule binafsi zitatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 kuanzia tarehe 1 Januari 2025, na kwamba hata mzazi atakayelipa mapema, kuanzia siku ileile ya tangazo, kwa ajili ya mihula itakayoanza Januari na kuendelea, hataikwepa kodi hiyo. Hatusemi kwamba tulishtukizwa na sera yenyewe, maana ilikuwamo katika ilani ya chama kilichoshinda uchaguzi wa tarehe 4 Julai, na wapo miongoni mwetu waliokipigia kura chama hicho wakiwa wameisoma. Tulichokilalamikia tangu mwanzo ni kwamba mwaka wa masomo huanza Septemba, na mtoto aliyekwisha kuanza darasa, mwenye mitihani mbele yake, alitafutiwa gharama mpya katikati ya safari.

Tulifanya yale ambayo wananchi hufanya. Tuliandika barua, tukakusanya saini, tukatoa maoni yetu kuhusu rasimu ya sheria kabla ya muda wa maoni kumalizika mwezi Septemba, na wachache wetu walikuja ofisini kwako mara mbili, ambako tulipokewa kwa heshima. Sheria ilipita hata hivyo, na ikaridhiwa na Mfalme tarehe 20 Machi 2025. Kutoka Aprili shule binafsi za England zilizosajiliwa kama taasisi za hisani zikapoteza pia nafuu ya kodi ya majengo. Familia na shule nyingine zilizokwenda Mahakama Kuu kwa hoja ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu zilishindwa tarehe 13 Juni. Majaji watatu walisema kwamba Bunge lina uhuru mpana wa kuamua jambo kama hili. Hukumu hiyo tumeisoma na tunaiheshimu. Kwa jinsi tunavyoielewa, imelirudisha suala hili mikononi mwa wabunge, na ndiyo sababu leo tunazungumza nawe badala ya kuzungumza na mawakili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni haki tukiri palipokuwa na udhaifu katika kampeni yetu. Tulizungumza mno kana kwamba shule zote binafsi ni moja, tukaungana kwa sauti moja na shule zenye viwanja vya farasi na majina ya karne tano, kisha tukashangaa mtu wa mtaani anapotuona matajiri tunaolilia kupunguziwa. Aidha, baadhi yetu tulitabiri kwamba madarasa yatabaki matupu ifikapo Pasaka, jambo ambalo halikutokea. Hesabu ya wanafunzi iliyofanywa Januari 2025 ilionyesha kupungua kwa watoto takribani 11,000 katika shule binafsi za England, na Serikali yenyewe ilikadiria kwamba baada ya miaka kadhaa watapungua au watakosa kujiunga wapatao 37,000 nchi nzima. Idadi hiyo si ndogo kwa familia husika, lakini si gharika tuliyoitangaza. Wala hatupingi lengo la kuajiri walimu wapya 6,500 katika shule za umma, kwa kuwa wengi wetu tuna mtoto mmoja huku na mwingine kule.

Shule yetu hii ni ndogo, ya kutwa, na sehemu kubwa ya mapato yake huishia katika mishahara ya walimu. Hapo ndipo hesabu ilipotukamata. Tuliambiwa kwamba shule zitaweza kurejeshewa kodi zinayolipa katika manunuzi yake, hivyo ada isingepanda kwa asilimia 20 kamili. Lakini mishahara haina kodi hiyo ya kurejeshwa, na shule isiyojenga wala kununua vitu vingi haina cha kudai. Shule kubwa inayojenga ukumbi mpya hupata nafuu kuliko sisi tunaopaka rangi kuta zetu wenyewe wakati wa likizo. Mtu yeyote aliyewahi kuandaa hesabu za kikundi angeliona hili kabla ya sheria kupita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo tuliloliwekea risala hii hasa ni la watoto wenye mahitaji maalumu. Katika darasa moja la shule hii wameketi watoto wawili wenye usonji, dawati kwa dawati. Wa kwanza ana mpango rasmi wa elimu, afya na matunzo, nao umeitaja shule hii, hivyo ada yake inalipwa na halmashauri, na halmashauri hurejeshewa kodi yote. Wa pili anahitaji msaada uleule, anafundishwa na mwalimu yuleyule, ila mpango wake haujatoka. Wazazi wake wanalipa ada pamoja na kodi, na hakuna mahali popote wanapoweza kuidai. Sheria inaipa halmashauri wiki 20 kukamilisha mpango tangu ombi linapofika. Mwaka 2023 ni takribani nusu tu ya mipango mipya ya England iliyotolewa ndani ya muda huo. Wazazi wanaonyimwa hukata rufaa, na kesi zinazofika kwenye uamuzi huishia kwa wazazi kushinda karibu zote, lakini rufaa nayo huchukua miezi mingi, na mwezi kwa mwezi ankara inaendelea kuja. Mama wa mtoto huyo yumo humu ukumbini. Alimhamishia hapa baada ya mtoto kukaa nyumbani kwa muhula mzima kwa sababu hakuweza kuvumilia kelele za darasa la watoto 30, na sasa amechukua zamu za usiku ili amweke hapa mpaka karatasi itoke. Kwa maoni yetu, kumtoza mzazi huyu kodi kwa sababu ofisi ya umma imechelewa ni kumlipisha kosa ambalo si lake.

Kwa hiyo hatukuombi leo uifute sheria uliyoipitisha, ingawa tukiulizwa tutasema bado hatuipendi. Tunakuomba upeleke hoja bungeni ili mzazi ambaye ombi la mpango wa mtoto wake limekwisha kupokelewa arejeshewe kodi aliyolipa kuanzia siku ya ombi, pindi mpango utakapotolewa na kuitaja shule anayosoma mtoto. Utaratibu wa kurejesha kodi tayari upo kwa halmashauri, na gharama yake itakuwa kidogo sana ukiilinganisha na mapato yanayotarajiwa kutokana na hatua hizi, ambayo Serikali imeyakadiria kufikia pauni bilioni 1.8 kwa mwaka ifikapo 2029/30. Tunakuomba vilevile uiulize halmashauri yetu, kwa maandishi, ni maombi mangapi ya eneo hili yamepita wiki 20, kwa kuwa sisi tulipouliza tulijibiwa kwamba swali limepokelewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika bahasha utakayokabidhiwa na viranja wa shule zimo saini za wazazi na walezi pamoja na maelezo ya familia saba zilizokubali habari zao zisomwe nawe peke yako. Tunakuomba uzisome kabla Bunge halijarejea kutoka likizo ya kiangazi, kisha utupangie siku ya kuja ofisini kwako kwa mara ya tatu.

Tunaomba kuwasilisha.