Kamera itaanza na karani, si na mpasua sangara

Ndugu Mhariri,

Wanaotabiri kwamba akili mnemba itaanza kwa kuwaondoa wapasua sangara wa viwanda vya minofu vya Mwanza wanatazama meza isiyo sahihi. Urefu na unene wa sangara hutofautiana sana. Mashine ya kupasua hupenda samaki wanaolingana. Kisu chake kikipanda kidogo juu ya uti wa mgongo, minofu mizuri inaondoka na panki, yaani mifupa inayobaki baada ya kutolewa minofu.

Walio hatarini ni karani wa mizani, mpanga madaraja na anayekagua madoa ya damu. Kamera moja yenye akili mnemba, juu ya mkanda unaosafirisha minofu, inaweza kufanya kazi hizo tatu kwa pamoja, uzito ikiukadiria. Hata hivyo mvuke na mafuta ya samaki huziba lenzi, ikaanza kusoma kivuli kama doa. Lazima awepo mtu wa kuisafisha na kurudia vipimo, na karani yuleyule anafaa kufundishwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza wafanyakazi. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Lakini kibarua anayeitwa getini kila asubuhi atathibitishaje miaka yake? Hilo linatuumiza sana. Vyama vya wafanyakazi vidai mikataba ya maandishi sasa, kabla kamera hazijafungwa, na vibarua watunze kila hati ya malipo.

Wadau wa uchakataji samaki,
Ilemela, Mwanza